Kupanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu tunaowapandisha: walimu, wafanyakazi wa benki, vikundi vya kanisa, wastaafu, na vijana waliozaliwa Moshi wakautazama mlima kila asubuhi bila kuukanyaga. Mgeni wa Ulaya hufika akiwa amesoma kila kitu hadi uzito wa soksi. Sisi wenyeji huja na swali moja tu: "Utanishinda?" Nalo limejibiwa humu, ila si kwa neno moja.

Mimi ni Mtanzania na mlima ni wetu. Bado nahitaji kiongozi?

Ndiyo. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kanuni za hifadhi zinataka kila anayekwenda kileleni, raia au mgeni, aongozane na kiongozi mwenye leseni. Unaandikishwa langoni, kisha kila kambi unasaini kitabu.

Nafuu ya raia iko kwenye viingilio: mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na hulipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Viwango hupangwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na hubadilika, kwa hiyo uliza vya mwaka huu, usitegemee alicholipa binamu yako. Ila kiingilio siyo kinachofanya safari iwe ghali. Gharama kubwa ni watu. Wapandaji wawili tu wanaweza kwenda na kiongozi, msaidizi wake, mpishi na wagumu, yaani wabeba mizigo, sita au zaidi, na wote hao wanakula, wanalala na wanalipwa kwa kila siku mnayokaa juu. Ukiona bei ya ajabu kwa udogo wake, jiulize ni nani kati ya hao ambaye hatalipwa.

Nichukue siku ngapi?

Hapa ndipo penye kila kitu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Mwili unaweza kuzoea mwinuko, lakini unauzoea kwa usiku, si kwa nguvu. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, pale unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka ulipolala jana. Sasa angalia njia ya Marangu ya siku tano: usiku wa kwanza Mandara, karibu mita 2,700, wa pili Horombo, 3,720, wa tatu Kibo, kama 4,700, na usiku uleule unaamshwa kwenda kileleni. Ni kuruka mita elfu moja kila siku. Wapo wanaofika. Wapo wengi zaidi wanaoishia kutapika nyuma ya kibanda cha Kibo huku wakijilaumu kwamba ni dhaifu, kumbe kosa lilikuwa kwenye ratiba tangu siku walipolipia.

Ongeza usiku mmoja Horombo. Siku hiyo hukai bure: asubuhi mnapanda upande wa kilele cha Mawenzi hadi kwenye miamba yenye mistari kama ya punda milia, mnapumzika, mnarudi kulala palepale. Kupanda juu na kulala chini ndiyo shule ya mapafu. Machame nayo ya siku sita na ya siku saba hutofautiana kwa usiku mmoja wa Karanga, na usiku huo unagawa mara mbili siku ambayo vinginevyo ingewafikisha kambi ya Barafu mmechoka saa chache kabla ya kuamshwa. Lemosho ifanye ya siku saba au nane.

Watu huniambia, "Bajeti yangu inatosha siku tano na jaketi zuri." Azima jaketi, nunua siku. Na kama fedha ni ya siku tano tu, ahirisha hadi mwakani. Mlima haujahama tangu enzi za babu zetu.

Njia ipi ni rahisi?

Mlimani wamezoea kuiita Marangu "njia ya Coca-Cola" na Machame "njia ya wiski". Utani huo umewaponza wengi. Marangu ina vibanda vyenye vitanda, na ndiyo njia pekee ya namna hiyo, lakini kulala kitandani hakukupi oksijeni. Unapanda na kushuka njia ileile.

Machame unalala kwenye hema. Siku ya tatu mnapita Lava Tower, zaidi ya mita 4,500, mnakula hapo, kisha mnateremka kulala Barranco, chini ya 4,000. Siku hiyo kichwa kitauma na mtailaani. Usiku wa kilele mtaishukuru. Asubuhi yake kuna Ukuta wa Barranco, ambao kwenye picha unatisha kuliko ulivyo. Hauhitaji kamba. Unahitaji mikono miwili na kutokuwa na haya ya kukaa kwa makalio.

Lemosho inaanzia magharibi, ni ndefu, tulivu mwanzoni, kisha inaungana na watu wa Machame. Rongai inatoka kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, upande usiopata mvua nyingi. Umbwe ni fupi na imesimama. Kama ni mara yako ya kwanza, iache.

Mimi nakimbia kilomita kumi kila wikendi. Si nina nafasi nzuri?

Una miguu mizuri. Ugonjwa wa mwinuko haumuulizi mtu mbio zake. Na tabu ya watu wenye mazoezi ni kwamba wanaweza kwenda haraka, basi wanakwenda haraka.

Niliwahi kupanda na kijana mwanariadha aliyekuja na shangazi yake. Shangazi alikuwa amepita miaka hamsini, mnene kiasi, anatembea kama mtu anayetoka sokoni na kapu zito. Kijana alikuwa akifika kambini saa nzima kabla yake, anakaa juu ya jiwe anatutania. Pale Barafu hakuweza kumeza hata supu. Shangazi alifika Uhuru saa mbili asubuhi, akapiga picha, akauliza kama kuna chai. Mlimani "mwenda pole hajikwai" ni ratiba ya kazi: ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mwendo ni sahihi. Ukishindwa, punguza, hata kama unaona aibu.

Basi nisifanye mazoezi?

Fanya. Anza miezi miwili au mitatu kabla. Tembea saa nne au tano mfululizo ukiwa na begi mgongoni, siku mbili zinazofuatana. Panda ngazi, na hasa shuka ngazi, kwa sababu magoti huvunjwa na mteremko. Vaa viatu vilevile utakavyopandia. Kiatu kipya mlimani ni adhabu.

Ni kweli kule juu oksijeni imekwisha?

Haijaisha. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia ileile ya Dar es Salaam, takriban 21. Kinachopungua ni mgandamizo: pale Uhuru ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inakuletea nusu ya ulichozoea. Mwili unajibu kwa kupumua zaidi, moyo kwenda mbio, na figo kutoa mkojo mwingi. Ukiamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, usinung'unike. Ni dalili kwamba mwili unafanya kazi yake.

Usiku pia unaweza kushtuka ukihema kana kwamba mtu alikuziba pua. Upumuaji wa usingizini huko juu huenda kwa mawimbi: unapumua kwa nguvu, unapungua, unasimama sekunde chache, unaanza tena. Inatisha, ila kwa kawaida haina madhara. Mwambie unayelala naye hema moja mapema, asije akapiga kelele.

Nitajuaje kwamba naumwa kwa sababu ya mwinuko?

Kichwa kinauma, na pamoja nacho kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Waliowahi kulewa watautambua: ni uchovu wa asubuhi baada ya sherehe ambayo hukuhudhuria. Hiyo ni hatua ndogo na wengi huipitia. Dawa yake ni kutopanda zaidi hadi iishe, kunywa maji, kupumzika, paracetamol inaruhusiwa. Usipopata nafuu, au ukizidi, unashuka.

Hatua kubwa ni mbili, na zote huua.

Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mtu anayumba kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, au anataka tu aachwe alale. Kipimo chetu ni cha kitoto: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, safari yake ya kwenda juu imekwisha.

Ya pili ni maji kujaa mapafuni. Mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa kikohozi chenye majimaji, baadaye povu lenye rangi ya waridi, midomo na kucha zinageuka rangi. Hapo hatungoji kupambazuke wala mvua ikate. Tunashuka. Zipo dawa na ipo mitungi ya oksijeni, na kiongozi makini anavyo vyote viwili, lakini kazi yake ni kumwezesha mtu ashuke, si kumruhusu abaki.

Kila jioni kiongozi atakuuliza umelala vipi, umekula nini, umekwenda choo mara ngapi, na atakubana kidole kwa kipimo cha oksijeni. Namba hiyo husaidia, ila mimi nasikiliza zaidi jinsi unavyojibu. Usidanganye. Tulikuwa na mzee mmoja ambaye ofisi nzima ilimchangia safari. Aliumwa kichwa tangu kambi ya Shira, akameza vidonge kwa siri siku mbili kwa kuwa hakutaka kurudi na aibu. Tulimteremsha kwa machela yenye gurudumu moja usiku wa manane, wagumu sita wakipokezana, naye hakumbuki hata jiwe moja la njiani. Alipona. Ofisini, nasikia, hakuna aliyemcheka.

Vipi kuhusu Diamox?

Ni dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na jina lake halisi ni acetazolamide. Haifichi ugonjwa kama wengi wanavyodhani. Inausukuma mwili upumue zaidi, kwa hiyo inaharakisha kuzoea. Huanzwa kwa kawaida siku moja kabla ya kupanda, na kipimo aamue daktari wako, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Utasikia vidole vikichonyota, utakojoa zaidi, na soda itakuwa na ladha ya chuma. Ijaribu nyumbani kwanza. Haichukui nafasi ya siku ya ziada, na mtu mwenye dalili akiwa anaitumia anashuka kama mwingine yeyote.

Pombe na vidonge vya usingizi acha chini.

Nina ugonjwa wa kudumu. Je, naweza kupanda?

Mwenye selimundu asipande. Hewa nyembamba na baridi ndivyo vitu viwili vinavyofanya chembe za damu zijikunje, na kambini hakuna damu ya kuongezewa. Hata aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye chini anaishi bila shida yoyote, amwone daktari kwanza: wengu wa watu hao umewahi kuharibika kwenye mwinuko. Katika sehemu yetu ya dunia hili si jambo la wachache, na wengi hawajawahi kupima. Pima.

Mjamzito asubiri. Mwenye presha iliyodhibitiwa anaweza kupata ruhusa ya daktari. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi la mgumu. Mwenye kisukari akumbuke kwamba insulini ikiganda imeharibika, na kipima sukari hugoma kwenye baridi. Vyote vilale nawe ndani ya begi la kulalia. Na umwambie kiongozi. Siri ya ugonjwa ina heshima yake, lakini si kwenye mita 5,000.

Nitakuwa kwenye siku zangu. Niahirishe?

Hapana. Mwinuko na uchovu vinaweza kuvuruga tarehe, kwa hiyo beba taulo za kike hata kama hesabu yako inasema bado. Beba pia mifuko ya kurudishia uchafu, na vitambaa vyenye unyevu, maana maji ya kunawa ni ya kupimwa. Kama unaona haya kumwambia kiongozi mwanamume, siku hizi wapo viongozi na wagumu wanawake; omba mapema.

Usiku wa kilele ukoje hasa?

Unalala saa moja jioni na hulali. Saa tano usiku mtu anagonga hema: "Chai!" Unakunywa, unatafuna biskuti mbili kwa nguvu, unavaa kila kitu. Saa sita mnaanza. Mbele yako kuna mstari wa taa za vichwani unaopanda hadi unachanganyika na nyota, na ushauri wangu wa kwanza ni usiutazame. Tazama visigino vya aliye mbele yako.

Ardhi ni kokoto na majivu ya volkano: unapiga hatua mbili, unarudishwa moja. Baridi ya kawaida ni kati ya nyuzi 7 na 20 chini ya sifuri, na upepo unaizidisha. Mrija wa maji huganda saa ya kwanza, kwa hiyo beba chupa, ifunge ndani ya soksi na uisimamishe kichwa chini: maji huanza kuganda juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Simu iweke karibu na ngozi. Mnapumzika dakika tatu, si zaidi, kwa sababu anayekaa hupoa, na anayepoa hulala.

Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri ndipo watu huvunjika. Wengine hulia. Wengine huanza hesabu za ajabu: nimelipa kiasi gani, nani alinituma. Hilo ni baridi na usingizi vinasema, si mwinuko, na mara nyingi hupita mwanga ukitokea nyuma ya Mawenzi. Kazi ya kiongozi ni kutofautisha machozi ya uchovu na yumbayumba ya ubongo. Ndiyo maana hatutaki kukujua kwa mara ya kwanza usiku huo.

Ukipanda kutoka Barafu unatokea Stella Point. Kutoka Kibo, unatokea Gilman's Point. Zote ziko ukingoni mwa kreta, na kutoka hapo hadi Uhuru bado unatembea: dakika arobaini na tano hadi saa moja kutoka Stella, na karibu mara mbili kutoka Gilman's. Wengi hudanganyika, wakikumbatiana Gilman's kana kwamba wamemaliza, nguvu zikaishia hapo.

Uhuru kuna kibao, foleni ya picha na barafu kwa mbali. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Halafu unakumbuka kwamba uko nusu ya safari. Unashuka hadi kambini kwa saa mbili au tatu, unalala kidogo, unakula, na siku hiyohiyo unateremka tena: wa Machame na Lemosho hadi kambi ya Mweka, wa Marangu hadi Horombo. Jumla ni saa kumi na mbili hadi kumi na nne za miguu.

Kwa nini usiku? Hatuwezi kwenda mchana?

Usiku kokoto zimegandamana, zinashika kidogo. Mchana mawingu hupanda na kufunika kila kitu. Na ukianza asubuhi, kuchelewa kidogo tu kutakukuta na giza ukiwa juu. Kuna viongozi husema pia ni kwa sababu usiku huoni ulivyobakiza. Hao nao hawajakosea.

Nikishindwa njiani, kundi zima linarudi?

Hapana. Kiongozi msaidizi anashuka nawe, wengine wanaendelea. Ndiyo maana tunapanda na wasaidizi. Anayefika Gilman's au Stella hupewa cheti chake. Anayerudi kabla ya hapo hapati cheti wala hatarudishiwa fedha, na neno la kiongozi akisema "shuka" halina rufaa. Usitafute kampuni ambayo neno hilo linajadiliwa.

Nivae nini?

Nguo nyembamba nyingi, si koti moja nene. Ya kwanza ya kubana na inayokauka haraka, ya pili ya sufu, kisha jaketi la manyoya, juu yake koti la kuzuia upepo na mvua. Jinzi na fulana za pamba ziache: zikilowa jasho hazikauki, na baridi ya mlimani hupitia kwenye unyevu. Mzula, glovu jozi mbili, taa ya kichwa yenye betri mpya, miwani ya jua, fimbo mbili.

Usinunue dukani kabla hujapita kwenye mitumba. Soko la Memorial pale Moshi limewavisha wapandaji wengi kuliko duka lolote la michezo. Majaketi ya watu wa theluji hutua huko kwa bei ya kuelewana. Begi la kulalia na fimbo kodisha. Viatu ndivyo vya kununua mwenyewe.

Wagumu ni akina nani, na nitawalipa nini?

Serikali huwaita wapagazi. Wao wenyewe hujiita wagumu, na ukitembea nao siku mbili utaona jina halikuzidishwa. Wanakaa nyuma kukunja hema baada ya wewe kuondoka, wanakupita njiani na mzigo kichwani, na unapofika kambini hema limesimama na maji yanachemka. Kikomo cha mzigo ni kilo 20 na mizani iko langoni. Kampuni nyingi hukuwekea wewe kilo 15, kwa hiyo acha nyumbani pasi ya nywele. (Ndiyo, tumewahi kuikuta.)

Kambi ya Barafu haina maji. Kila kikombe cha chai unachokunywa pale kimebebwa kutoka bonde la Karanga na mtu aliyerudi kuyachota. Kibo vilevile, maji hutoka njiani juu ya Horombo. Likumbuke hilo kabla ya kumwaga yaliyobaki.

Bakshishi, au tipu, siyo sheria lakini imekuwa sehemu ya pato lao. Uliza kampuni kabla ya safari kiwango cha kawaida kwa mwananchi, toa jioni ya mwisho au langoni, mbele ya wote, na utaje kwa sauti kila mmoja anapata ngapi. Bahasha moja mkononi mwa mtu mmoja huzaa manung'uniko. Na kabla hujalipia safari yoyote, uliza wagumu wanalala wapi na wanakula mara ngapi. Atakayechelewa kujibu, mwache.

Chakula?

Uji, mayai, supu, wali, viazi, ndizi, matunda. Juu ya mita 4,000 hamu ya kula huisha. Kula hivyohivyo, kidogo kidogo. Maji lita tatu hadi nne kwa siku, ya kuchemsha au yaliyotiwa dawa. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, njoo na ya kudumu. Ukichoka na vyakula vya wageni, waombe wagumu wakukaribishe ugali wao. Hakuna atakayekunyima.

Choo na kuoga?

Kambi zina vyoo vya shimo, vingine vya kustahimili tu. Vikundi vingi hubeba choo cha hema, kina gharama yake na mtu wake. Kuoga hakuna, kuna bakuli la maji ya moto asubuhi na jioni. Siku ya tatu hakuna anayemnusa mwenzake.

Mtandao unapatikana?

Kwa vipande. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa hadi Horombo, na sehemu nyingine hupata simu kulingana na upande wa mlima. Beba chaji ya akiba na usiahidi nyumbani kwamba utapiga kila jioni. Ukikosa siku moja watafikiri mabaya.

Msimu gani mzuri?

Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika, Machi hadi Mei, matope ya msituni hufika magotini na juu kunaanguka theluji. Vuli ya Novemba ni nyepesi zaidi. Mkipanda mwezi mpevu mtahitaji taa kidogo, lakini wengine wote wamewaza hivyohivyo.

Watoto?

Chini ya miaka kumi hawaruhusiwi kwenda kileleni. Wapelekeni Mandara kwa siku moja. Watawaona mbega na watarudi wakiringa.

Uokoaji ukihitajika?

Hifadhi ina waokoaji na machela, na helikopta ipo hali ya hewa ikiruhusu. Anayelipia helikopta ni bima, kwa hiyo soma mkataba wako: utafute maneno yanayosema kupanda mlima kwa miguu na hadi mita 6,000. Bima inayoishia mita 4,000 inaishia chini ya Barafu.

Ile theluji bado ipo?

Ipo, ila inakwenda. Tangu barafu ya kileleni ilipopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imepotea. Mmisionari Johannes Rebmann aliandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na wasomi wa London wakamwona anaota. Wajukuu wetu huenda wakasimuliwa hivyohivyo wakaona nasi tunaota.

Nani alifika kwanza?

Vitabu husema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Oktoba 1889. Marangu watakutajia Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza, nao wana haki ya kumtaja kwanza. Wajerumani walikiita kilele kwa jina la mfalme wao. Jina la Uhuru lilikuja na uhuru wenyewe, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera ya Tanganyika.

Siku ya mwisho kuna la kuangalia?

Kucha. Zikate fupi kabla ya safari, la sivyo mteremko wa Mweka utakutoa mbili. Kaza kamba za viatu juu kwenye kifundo, legeza vidoleni, tanguliza fimbo. Njia ya msituni huwa na utelezi, na watu huumia zaidi hapa, wakiwa wameshaanza kufikiria nyama choma.

Langoni usipande gari kabla ya kusaini kitabu cha kutoka, maana asiyesaini anahesabiwa bado yuko mlimani na atatafutwa. Chukua cheti, hakikisha jina limeandikwa sawasawa. Wagumu wataimba, cheza nao hata kama magoti yanagoma. Kisha vua viatu, na mpigie simu mama, kwa sababu tangu jana asubuhi hajalala vizuri.